Spoti Nyekundu ya Fulgensi

Siku ile hainitoki, mwanangu, ingawa nimejaribu kuifukuza. Kahawa tulikuwa tumeshauza, na kaka yangu Projestus alitaka gari. Si pikapu ya kubebea ndizi, kama watu wa kwetu Igurwa wenye akili zao. Alitaka spoti ya Kijapani ya Fulgensi, tajiri wa Nyabiyonza: nyekundu, fupi, milango miwili, iliyozeekea mikononi mwa watu tusiowajua. Alikuwa na mchumba, akataka aende ukweni nayo.

Tulikwenda watatu: kaka, mimi, na baba mdogo Anatori, aliyewahi kuwa utingo wa malori. Fulgensi hakutuonyesha gari kwanza. Alituwekea kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nawe unajua desturi ya huku: ukishakunywa rubisi ya mtu, kuchungulia uvungu wa anachokuuzia ni sawa na kumwita mwizi. Fulgensi alilijua hilo. Kaka akanywa, nami nikanywa. Baba mdogo akasema tumbo linamsumbua, akaenda kwenye gari, akapiga magoti.

"Shikamoo mzee!" Fulgensi akapaza sauti. "Unatafuta mayai? Hilo halitagi!"

Watu wakacheka. Methodi, fundi wa kuchomelea, alikuwapo, akacheka kuliko wote.

"Marahaba," baba mdogo akajibu, shavu likiwa chini. "Natazama kama kuku mwenyewe ana miguu."

"Baba mdogo, inuka bwana," kaka akasema. "Unanitia aibu."

"Aibu hufutika. Niache nimalize."

Kaka akamshika mkono, akamwinua. Mimi husema kaka alikufa pale pale. Kaburi lilichelewa tu.

Fulgensi akawasha. Injini ilishapashwa moto kabla hatujafika, ikaunguruma vizuri.

"Methodi, lina ubaya?" kaka akauliza.

"Kama jipya," fundi akasema, akifuta povu mdomoni. Na mkono ule ule uliofuta povu ndio ulioiunga chasisi, uti wa mgongo wa gari, ilipokatika vipande viwili, ukaifunika kwa rangi. Jirani wa Methodi alikuja kutuambia hayo tukiwa tumeshazika. Siku ile kaka alilipa, akaliendesha hadi nyumbani.

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mvua zilipoanza, kaka na mimi tukiteremka mlima kwenda Nyakasimbi kwa wakweze, pale palipochomelewa pakaachia. Gari likajikunja katikati, likaingia mgombani. Kaka alikuwa amevaa shati jeupe. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliyekataa kusikia ni yeye, guu likavunjika hili langu. Yeye akapewa udongo.

Wazee walipokaa kulisikiliza shauri letu, Fulgensi alisema neno moja tu: "Mlikunywa." Wakamwacha. Methodi alikuja matangani na mkungu wa ndizi, akala nasi. Baba mdogo hakumlaumu mtu, lakini hakucheka tena hadi alipotuacha. Mimi siyawezi hayo. Nawataja, Fulgensi na Methodi, na nitawataja hadi ulimi ukauke.

Sasa sikia, wewe unayetamani gari la namna hiyo. Nenda asubuhi, uiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Beba sumaku, uipitishe kwenye bodi. Isiponasa, ujue chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia, si chuma. Tairi ikiwa imeliwa upande mmoja, chasisi imepinda. Mwanya wa mlango ukiwa huku mpana, huku mwembamba, gari hilo limeshaanguka mahali. Lala uvunguni, hata kama umevaa nguo za kanisani, utafute mshono wa moto, alama ya kuchomelea. Kinywaji kisubiri. Mwenye gari akikasirika, mshukuru, urudi kwa miguu. Macho hayana adabu, mwanangu, na yasiwe nayo.

Nenda basi. Mungu akupitishe salama kwenye milima hii, na jioni mama yako akusikie ukibisha hodi kwa mkono wako mwenyewe.