Njia ya Kwenda kwa Filipo

Kabla macho yake hayajazima, marehemu Peniel alikuwa mtu wa kuelekeza wengine. Miaka mingi aliuza kuku pale njia panda ya Mkiwa, na abiria aliyeshuka amechanganyikiwa alimwendea yeye. "Wa Itigi simama huku. Wa Singida vuka barabara, na kuku ununue kabisa, huko mjini bei utalia." Watu walicheka, na kuku wakaenda.

Presha ya macho ilipomaliza kazi yake, Peniel akawa anashika ncha moja ya fimbo, mkewe Dorkas akishika nyingine. Hivyo ndivyo walivyokwenda kanisani, hivyo ndivyo walivyokwenda kliniki.

Safari moja tu ilimkaa moyoni. Msibani kwa mama yao, Peniel alimrushia kaka yake Filipo neno zito mbele ya waombolezaji. Tangu siku ile walisalimiana kama watu wanaongoja basi. Filipo anakaa ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Si mbali. Lakini kwao mdogo anayetubu kwa mkubwa huenda kwa miguu yake na kupiga hodi mwenyewe.

"Nikufikishe mlangoni, kisha nirudi," Dorkas alimwambia.

"Ukinifikisha, umenileta, mama Sara. Atasema nimesukumwa na mke."

Ndipo akaja Radhia, binti wa Singida mjini aliyekuwa anasoma chuo. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza sauti ya kwenye simu, ya kumwongoza asiyeona. Kabla ya kuitoa barabarani waliijaribu katika mji ulioko ndani ya kompyuta, wenye mitaa na maduka na ngurumo za malori, mji usiokuwepo popote duniani. Waliweka mitambo yao kwenye ukumbi wa usharika. Peniel alivaa vifaa vya masikioni, akawa anabonyeza kitufe kupiga hatua na kuuliza njia kwa mdomo.

"Nipeleke dukani."

"Nenda mbele. Geuka kulia," sauti ikajibu.

Akageuka. Kengele ikalia masikioni mwake: amegonga ukuta.

"Imenigongesha," alisema Peniel. "Na pole haisemi."

Dorkas, aliyekaa kwenye benchi na fimbo mapajani, alisikia ukumbi mzima ukicheka.

"Ndiyo kazi ya mji huu, baba," alisema Radhia. "Ikosee humu, isije ikakosea barabarani."

"Basi ni mji wa neema huu. Mtu unagongwa na lori, halafu unaanza upya."

Alirudi pale mara nyingi. Alipopotezwa alieleza amepotezwa wapi, wakarekebisha, akaingia tena. Mwisho akamuuliza Radhia kama wanaweza kuijenga humo njia ya kwenda kwa kaka yake, aizoee kwanza.

"Tunaweza. Ila anayeipita na wewe aipite na mimi, anitajie kila kitu ambacho mguu unagusa na sikio linasikia. Naona ni mama."

"Tuvune alizeti kwanza," alisema Dorkas.

Alizeti ikavunwa. Akasema wageni wa kipaimara waondoke kwanza. Haikuwa alizeti wala wageni. Kila alipomsikia mumewe akicheka na sauti ile, aliona fimbo imekuwa nyepesi mkononi. Alikuwa amezoea kuhitajika, Mungu amsamehe, na utamu wake aliujua.

Asubuhi moja Peniel aliuliza, "Mama Sara, ile njia lini?"

"Njia haihami, baba Sara."

Njia haikuhama. Juma lililofuata Peniel aliinama kuchukua kata ya maji uani, hakuinuka tena. Filipo alikuja kuzika. Alitupa udongo wake kaburini, akafuta macho kwa kofia, akaondoka na watu.

Radhia alipokuja kutoa pole, Dorkas alimkaribisha chai, na binti alipomaliza kunywa, yeye akainuka na kuchukua fimbo ukutani.

"Washa simu yako inirekodi, mwanangu. Twende."

Akafumba macho, akamshikisha Radhia ncha ya pili, akaanza kutaja. Kokoto. Mtaro, hapa inua mguu. Lami, simama usikilize pande zote. Mashudu ya alizeti, harufu yake upande wa kushoto. Hapa chini pamekuwa laini, ni majivu ya jiko la shemeji yangu.

"Hodi," alisema.

Filipo alitoka, akaitazama fimbo, akamtazama shemeji yake aliyefumba macho.

"Peniel alikuwa anataka kuja hapa peke yake, akiisha kuizoea njia katika mji wa binti huyu ulio ndani ya kompyuta," Dorkas alisema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Filipo akauliza, "Alikuwa anakuja kusema nini?"

"Sijui, shemeji. Alitaka aseme mimi nisiwepo."

Radhia akanyoosha kidole aizime simu.

"Iache," alisema Filipo. "Huo mji wenu, na mlango wangu muuweke. Muuweke ukiwa wazi."