Mashine Zisizotaka Joto

Mama yangu hana ubishi, na hicho ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Ukimwambia jambo anaitikia "sawa, baba", kisha anafanya la kwake.

Nilimpelekea nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu, Dodoma, maboksi matatu ya mashine za zamani za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni. Nimezikusanya tangu nianze kazi. Dar es Salaam ninakoishi, unyevu ulishaniulia mbili kwa kutu. Dodoma ni kukavu, nikajua zimepona. Nikamweleza taratibu: joto lisizidi digrii ishirini na saba, vumbi lisiingie, mlango usifunguliwe ovyo. Mahali mtu anapolala vizuri, na mashine italala vizuri.

"Sawa, baba."

Akaziweka stoo. Stoo haina dari, ni bati tupu, na jua la Oktoba tunalijua wote! Nikamtumia kipimajoto kwa basi, nikawa napiga simu kila siku saa nane mchana.

"Shikamoo, mama. Kinasomaje?"

"Marahaba. Thelathini na saba."

"Mama! Plastiki itageuka njano! Gundi itaachia! Nilisema ngapi mimi?"

"Ulisema ishirini na saba."

"Sasa?"

"Sawa, baba."

Nilikata simu. Nikamlalamikia mke wangu kwamba mama ananifanyia makusudi. Yeye akauliza kama mama mwenyewe analiweza joto hilo. Nikamwambia tusitoke nje ya mada.

Kesho yake mama akasoma ishirini na sita. Kesho kutwa, ishirini na sita tena. Hatimaye kaelewa, nikasema. Sikuuliza amezihamishia wapi.

Mwezi uliofuata nikaenda kuzikagua. Chumba chenye dari katika nyumba ile ni kimoja tu, nacho ni chake. Nilipofungua, nikakuta maboksi yangu matatu yamepangwa juu ya kitanda chake, yamefunikwa shuka safi, na kipimajoto kimetundikwa ukutani upande wa kichwani. Godoro halikuwepo. Nililikuta stoo, limetandikwa sakafuni kati ya gunia la mtama na ndoo za maji.

"Mama, unalala huku?"

"Si ulisema mlango usifunguliwe ovyo? Mimi usiku natoka kila mara."

"Na hili joto je?"

"Mimi siharibiki, baba."

Nikafungua mdomo nifoke, maana ndiyo kazi ninayoiweza, nikakosa wa kumfokea. Niliona aibu hata kumtazama. Nikaenda kukitoa kipimajoto chumbani, nikakitundika stoo juu ya godoro lake, kisha nikaanza kubeba maboksi yangu kuyatoa kitandani.

Saa nane ilipofika, mama alikisogelea kipimajoto kwa mazoea. Akanisomea kwa sauti ileile ya kwenye simu, "Thelathini na nane," akasubiri nifoke.