Mashine Niliyomchagulia Bibi Mkunga

Miezi minane niliyokaa Dar es Salaam nilikuwa tarishi katika kituo cha redio. Nilipeleka barua kutoka chumba hiki kwenda kile, nilipeleka chai, na mara mbili tatu nilisaidia kukunja nyaya watu wa matangazo walipomaliza shughuli zao. Niliporudi kijijini kwetu Akheri, mlimani juu ya Arusha, kufundisha darasa la kwanza na la pili, watu waliniuliza nilikuwa nafanya nini huko redioni. Nikawajibu, "Nilikuwa upande wa mitambo." Sikuuona kuwa uongo mkubwa. Nyaya nilizishika kweli.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, na Akheri nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuona mtambo wa redio kwa ndani. Kwa hiyo usharika wetu ulipoamua kununua mashine ya kunasia sauti, mchungaji hakuwa na haja ya kutafuta mtu wa kuichagua.

Mashine ilitakiwa kwa ajili ya kwaya, lakini kwanza kabisa ilitakiwa kwa ajili ya Bibi. Hakuwa bibi yangu wa kunizaa. Alikuwa mkunga, na karibu watoto wote waliozaliwa upande wetu wa mlima, mimi nikiwemo, walipokelewa na mikono yake. Alikuwa na maneno aliyoachiwa na mama yake, maneno ya Kimeru, mafupi, aliyomwambia mtoto mchanga sikioni kabla hajamkabidhi kwa mtu yeyote. Aliyasema kwa sauti ya chini mno. Mama aliyelala pale kitandani aliona midomo inacheza, akapata neno moja au mawili: jina la mto tunaochota maji, jina la ukoo. Hakuna aliyekuwa nayo yote. Bibi hakujaliwa binti, na akina mama wa kanisa waliogopa maneno hayo yangekwenda naye.

Mchungaji alipokwenda kumwomba, mimi nilifuatana naye. Bibi alifikiri, kisha akaniuliza mimi, si mchungaji.

"Hiyo mashine inasikia kama mtoto anavyosikia?"

"Inasikia kumshinda mtoto, Bibi."

"Basi mkiileta nitasema."

Siku ya Jumamosi nikapanda basi kwenda Arusha. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja wa makamo ambaye pia alitengeneza redio, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimkuta anamhudumia karani wa bomani, ambaye nilisoma naye shule ya kati na ambaye siku zote alikuwa mbele yangu darasani. Viatu vyake viling'aa. Alikuja kununua sindano za gramafoni, akazipata, lakini aliponisikia nataka mashine ya kunasia sauti hakuondoka.

"Unataka kunasa nini?" mwenye duka akaniuliza.

"Sauti ya bibi kizee. Anasema kwa kunong'ona."

Karani akacheka kidogo puani. Mwenye duka hakucheka. Alinitolea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, mbao zake zimepakwa vanishi, ina jicho la kijani linalofumba na kufumbua sauti ikiingia. Ilihitaji betri ya gari na chombo kingine cha chuma cha kugeuza ule umeme. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ndogo, ungeweza kuitundika begani. Ilizungushwa kwa mpini kama gramafoni, na utepe wake ulijaa baada ya dakika chache tu.

"Sasa usisikilize maneno yangu," akasema. "Sikiliza mashine. Vua saa yako uweke hapa."

Nilivua saa, akaiweka mezani, akaisogezea maikrofoni ya mashine kubwa, akatuomba tunyamaze. Halafu akafanya vilevile kwa ile ndogo. Akanivika visikilizio masikioni. Kwenye mashine kubwa nilisikia muungurumo mfululizo, kama kinu cha kusaga mahindi kilicho mbali. Saa haikuwepo. Kwenye ile ndogo nilisikia saa yangu ikigonga, na nyuma yake nikasikia cherehani ya fundi aliyekaa barazani, na nyuma yake mtu akipiga miayo. Nilishtuka nikatazama mlangoni. Fundi alikuwa anapiga miayo tena.

"Kubwa ni nzuri kwa kwaya, kwa hotuba," mwenye duka akasema. "Lakini hiki chombo cha betri kinaunguruma, na mashine yenyewe inaunguruma. Kwa bibi yako chukua hii ndogo. Jaribu mwenyewe."

Nilichukua maikrofoni, nikaisogeza mdomoni kama nilivyowaona watu wa redio wakifanya, nikaanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Mwenye duka akaninyooshea mkono taratibu, akaigeuza. Nilikuwa nasemea mgongo wa maikrofoni.

"Kumbe mtu wa mitambo!" karani akasema, na safari hii alicheka waziwazi. "Huko redioni walikuwa wanazungumza kwa nyuma?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikaitazama ile mashine ya kijivu na kuiona kama kitu cha kuchezea watoto. Nikawaza wazee wa kanisa watakavyosema nikishuka nayo kwenye basi nimeitundika begani kama kibuyu cha maziwa. Nikawaza pia kwamba nikifuata ushauri wa huyu bwana, karani ataondoka akijua nimefundishwa kila kitu pale pale.

"Nitachukua kubwa," nikasema. "Tunajua namna ya kuondoa muungurumo."

Mwenye duka alinitazama juu ya miwani. "Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika."

Ilibidi wanaume wawili waje kuipokea barabarani. Tuliibeba kwa mti mabegani kupanda nayo Akheri, kama tunavyobeba mgonjwa, na watu walitoka mashambani kutupungia. Nilitembea mbele. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Wiki mbili baadaye dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Bibi alimpokea mtoto lakini kwa makubaliano akayahifadhi yale maneno mpaka mchana, mashine ifike. Lilikuwa jambo kubwa kwake kuchelewa hivyo. Alikaa na mtoto kifuani asubuhi nzima bila kumpa mtu, hata mama yake alinyonyesha huku Bibi amemshikia. Tukaazima betri kwa mwenye lori. Nilipanga vyombo juu ya meza, chumba kikajaa: akina mama sita au saba, mchungaji mlangoni, dada yangu kitandani na bakuli lake la mtori wa ndizi. Nikawasha. Kile chombo cha chuma kikaanza kuunguruma.

Bibi akainamisha kichwa kwenye sikio la mtoto. Midomo ikacheza. Nilikuwa nimevaa visikilizio na sikusikia chochote ila kinu cha mahindi. Jicho la kijani halikutikisika hata kidogo.

"Bibi, ongeza sauti kidogo."

Akarudia. Jicho likabaki vilevile.

"Bado, Bibi. Ongeza."

Akaniinulia uso. "Haya hayasemwi kwa nguvu."

"Mashine haikusikii."

"Ulisema inasikia kumshinda mtoto."

Wote walinitazama. Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa: ningesema nimechagua vibaya, tusimamishe, nirudi mjini Jumatatu. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, "Bibi, sema kwa nguvu. Watu wanasubiri."

Alikuwa mwanamke aliyenitoa tumboni mwa mama yangu. Akafunga macho, akapaza sauti, akayatoa yale maneno kama mtu anayeita ng'ombe upande wa pili wa korongo. Jicho la kijani likafumba na kufumbua kwa furaha. Mtoto alishtuka, akarusha mikono, akalia. Akina mama waliinamisha nyuso, mmoja akajifunika kwa khanga. Maneno yaliyotakiwa kuwa ya mtu mmoja yalikuwa yamemwagika chumba kizima, na ninavyokumbuka hakuna aliyetaka kuonekana ameyasikia.

Nikarudisha utepe nikawasikilizisha. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, Bibi."

Alimpa dada yangu mtoto, akachukua fimbo yake, akatoka.

Mchungaji aliniita pembeni, kwenye migomba. "Imekuwaje, mwalimu?"

"Sauti yake imekwisha, Mchungaji," nikamjibu. "Mashine ni nzuri, lakini haiwezi kunasa kisichokuwepo."

Nilisema hivyo ili nijiokoe siku ile tu. Sikufikiri neno hilo lingetembea. Lakini akina mama walilisikia, wakaliongezea: Bibi amechoka, Bibi haoni vizuri, mikono inatetemeka. Kabla mvua za masika hazijaisha mke wa jirani yetu mmoja alipelekwa kujifungulia hospitali kwa lori, na mwingine aliita mkunga wa kijiji cha chini. Nilipokwenda shuleni nilipita kando ya uzio wa Bibi wa mimea ya masale, nikamkuta amekaa nje mchana kweupe anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu." Halafu siku moja akaongeza, "Eti sauti yangu haisikiki tena?"

Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, akiwa upande wa pili wa uzio, na nilisikia kila neno. Nikamjibu kwamba nimechelewa kengele.

Ndipo nikarudi mjini. Nilijifanya nimekuja kutafuta utepe. Mwishoni nikauliza habari ya ile mashine ndogo.

"Imeondoka," mwenye duka akasema. "Kuna Mzungu ananasa sauti za ndege porini, amechukua. Naweza kuagiza nyingine Nairobi. Kanisa litanunua ya pili?"

Nikahesabu pesa za utepe. Akasimamisha kazi yake.

"Ulisikia kwa masikio yako, mwalimu. Kwa nini ulichukua ile?"

Hakuuliza kwa kunisuta. Alitaka tu kujua. Nikamwambia wazee walitaka kubwa. Hata mbele ya mtu aliyejaribu kunisaidia nilishindwa kusema kitu kimoja cha kweli.

Siku ile nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilisimama, sikukaa, nikamwambia kwamba sauti yake haina tatizo lolote, mashine ndiyo isiyosikia.

"Sawa," akasema, mikono ikiendelea kwenye maharage.

"Na mimi nilijua, Bibi."

Mikono ikasimama. "Ulijua lini?"

"Dukani. Kabla sijainunua. Ilikuwepo nyingine."

"Ukaniambia nipige kelele."

"Ndiyo."

"Mbele ya mtoto."

"Ndiyo, Bibi."

Nilitarajia anitukane, au anisamehe, lolote lingenifaa. Alirudisha mikono kwenye maharage. "Mimi usiniambie," akasema. "Sauti yangu naijua. Waambie hao uliowadanganya."

Jumapili mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Niliposimama nikaona nyuso za wazazi wa wanafunzi wangu, na nikasema, "Tumegundua mashine ina kasoro. Sauti ya Bibi ni nzima kabisa. Tusimwache." Nikaketi. Mchungaji akanishukuru kwa ukweli wangu, na mzee mmoja mbele yangu akageuka kunishika mkono. Nikatazama upande wa akina mama. Bibi alikuwa ananitazama. Yeye peke yake katika kanisa lile alijua nimeacha nusu, na nusu hiyo hakuisema siku ile wala siku nyingine yoyote.

Akina mama walianza kumwita tena. Alipokea watoto kwa miaka minne mingine, na mmoja wao ni mwanangu wa kwanza. Mimi nilikuwa nje na wanaume. Alipotoka nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniambia mtoto ni wa kiume na ana afya. Sikuthubutu kumuuliza kama ameyasema yale maneno. Kuhusu mashine, mchungaji alimwomba tena mara mbili, na mara zote mbili alikataa kwa upole.

Bibi alifariki wakati wa baridi, kahawa ikiwa imeiva. Miezi michache baada ya mazishi kiongozi wa kwaya alinijia akiwa ameshika utepe wa siku ile ya Bibi. Walikuwa wamepungukiwa, akasema, na huu una dakika chache tu mwanzoni. Je, kuna kitu cha maana humo?

"Hakuna," nikamwambia, hata hajamaliza kuuliza.

Wakanasa nyimbo nne juu yake jioni ileile, na maneno ya Bibi yakafutika. Niliendesha mashine mimi mwenyewe. Kwaya ilisikika vizuri sana, na watu wakanisifu.