Mama Usafi Hataki Zege

Saa moja asubuhi, na mkono wa kulia wa Mama Usafi umezama hadi kiwiko ndani ya tuta la udongo unaonuka dizeli. Amefumba macho. Anasikilizia joto.

"Wameamka," anasema, akiuchomoa mkono na kuukung'uta. "Tuta likipoa, ujue wanangu wamelala njaa. Hili liko vizuri."

Wanawe hao ni bakteria. Wamo humo kwa mabilioni, hawaonekani kwa macho, na chakula chao ni mafuta yaliyomwagika. Kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na tisa ni kuwahudumia: anapindua udongo kwa koleo wapate hewa, anaunyunyizia maji, anachanganya mbolea. Wao wanakula tu, na mafuta yanapungua.

Kiwanja hiki kilikuwa kituo cha mafuta. Alifagia hapa miaka kumi na moja, na jina la utani alilipata kwa kusugua sakafu mpaka madereva wakaona haya kuikanyaga. Kumbe chini ya sakafu hiyo hiyo tangi lilikuwa limetoboka. Dizeli ikapenya ardhini mpaka ikafika kwenye kisima cha mtaa kilicho pembeni mwa kiwanja hiki, alichokichimba marehemu baba yake.

"Nilivuta ndoo, nikaona maji yana rangi rangi juu, kama mkia wa tausi. Nikasema, leo tumekwisha."

Kisima kikafungwa kwa mfuniko wa chuma. Huu ni mwaka wa tatu, nyumba sitini zinanunua maji, na theluthi ya ujira wake huishia kwenye madumu.

Mwenye kiwanja alikuwa na dawa yake nyepesi: amwage zege, ajenge maduka, mambo yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Mama Usafi akasimama katikati ya mkutano wa mtaa.

"Nikamwambia, baba, zege utamwaga, lakini mafuta yatabaki chini, na chini ndiko tunakokunywa. Ng'o! Humwagi."

Watu wa mazingira wakaamua: miezi kumi na minane ya kusafisha kwa bakteria. Maji ya kisima yasipofikia kipimo salama, mwenye kiwanja amwage zege lake. Mtaalamu wa maabara, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, akamwajiri Mama Usafi kulea matuta matano.

Mwezi wa nne wa kazi matuta yote yakapoa. Maji yalitosha, mbolea ilitosha, hewa ilitosha. Binti wa maabara akazunguka siku nzima, kisha akainama kwenye pipa la kunyunyizia, akanusa.

"Mama, humu umetia nini?"

"Dawa ya kuulia vijidudu, mwanangu. Naosha pipa, koleo na mpira wa maji kila nikimaliza kazi. Si usafi huo?"

Binti akakaa chini, hoi.

"Jamani, mimi mtu wa usafi!" anasimulia sasa, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Asubuhi nawalisha, jioni nawaua. Kwa mkono wangu mwenyewe!"

Mwenye kiwanja alicheka mpaka akajishika mbavu: mfagiaji amejitia kwenye sayansi. Mama Usafi akawaita majirani, akawaeleza kosa lake bila kuficha, kesho yake akaanza upya. Tangu siku hiyo pipa huoshwa kwa maji matupu.

Leo matuta manne yamefaulu. Chini ya ardhi, mabomba yanapuliza hewa kuwafikia bakteria walioko kwenye maji. Katika kipimo cha mwisho cha kisima, mafuta yalikuwa bado juu kidogo ya kiwango salama, na zimebaki wiki sita.

Mwenye kiwanja amekwisha kuleta mifuko ya saruji na kuipanga getini. Mvua tatu zimeinyeshea. Mifuko ya juu imeganda, na Mama Usafi huikalia akinywa chai.

"Ameniletea viti, Mungu ambariki," anasema.

Na kipimo kikikataa?

Kicheko kinakatika. "Naogopa, nisikudanganye. Usiku silali. Lakini wakija na zege lao watanikuta nimelala juu ya mfuniko. Baba yangu alichimba pale kwa miezi mitano. Sitoki."

Nyumbani, kwenye msumari wa jikoni, imening'inia kamba mpya ya ndoo aliyoinunua wiki iliyopita. Mama yake mzazi, aliyepita miaka themanini, kila akiiona huguna.

"Kamba ya nini, na kisima kimefungwa?"

"Ya kuvutia maji yako, mama."

Mpango wake ameupanga hatua kwa hatua. Siku mfuniko utakapofunguliwa, kikombe cha kwanza ni cha mama yake.

"Cha pili nampelekea mwenye kiwanja," anasema, na kulishika tena koleo. "Na nitasimama mbele yake mpaka akimalize."