Mkono wa Pole kwa Muhanna bin Zahir

Muhanna bin Zahir alizaliwa Hamra, mji wa milimani, katika nyumba ambayo mlango wake haujapata kufungwa mbele ya mgeni. Baba yake, Mzee Zahir, alimfundisha kusoma kabla ya shule, akamwonyesha na nyota ambazo ukoo ulizifuata kugawana zamu za maji ya mfereji. Mtoto akapita kila darasa, akarusha ndege, akapelekwa nchi za baridi kujifunza, miaka mingi peke yake, hadi akawa mtu wa kwanza wa nchi yake kuishi angani. Huko juu, kila Ijumaa alizungumza na nyumbani. Ijumaa moja baba hakuja kwenye simu.

"Amekwenda shambani," alisema mama yake, Bi Zuwaina.

Ijumaa ya pili akasema, "Amelala."

Bi Zuwaina alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke asiyejua uongo. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kuzikwa, na kule juu mwanawe hakuwa na ndugu wa kumshika. Akamficha habari ile mpaka alipotua.

Muhanna aliporudi Hamra, mama alikuwa bado yumo katika eda ya mumewe. Baraza la ukoo lilikuwa limetandikwa mazulia mapya, na sinia za halua zimepangwa.

"Mama, sitaki hongera kwanza. Nataka nipewe pole ya baba."

"Matanga yalikwisha siku ya tatu. Watu walikuja hata kutoka Nizwa. Baba yako hakupungukiwa."

"Mimi sikuwepo."

"Sasa unataka waseme mwana wa Zahir kapanda angani, karudi kulia mbele ya wageni?"

"Aliyekuwa mbali hupewa pole akirudi. Sheria inaruhusu."

"Usinisomeshe sheria, mimi ndiye niliyekusomesha. Vaa joho lako."

Alivaa. Ila alipoingia barazani hakwenda kwenye kiti cha heshima. Alisimama kando ya mlango, pale wanaposimama wafiwa kupokea mikono. Hakuna aliyeelewa.

"Miguu haijazoea ardhi, maskini!" alisema ami yake, Harith. "Mshikeni, mshikeni!"

Wakamshika, wakamkalisha kitini.

"Ee Muhanna, kule mlitawadhaje, na maji yanaruka?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hayo baadaye," akadakia Khalaf, jirani. "Kwanza aniambie kama alimwona mbuzi wangu aliyepotea."

"Mbuzi wako tulimla harusini kwa kina Talib, na mnofu wa paja uliuchukua wewe!"

Baraza likaangua kicheko. Muhanna naye alicheka, maana mwenye nyumba haachi utani wa mgeni uanguke chini. Kisha akainuka tena, akasimama kando ya mlango. Wakamrudisha tena, kwa mapenzi. Watu hawa ndio waliolibeba jeneza la baba yake. Walilia, wakamaliza. Aliwatazama uso mmoja mmoja, akitafuta aliyebakiwa na huzuni kidogo wagawane. Hakumwona.

Akaingia ndani kwa mama.

"Wageni umemwachia nani?"

"Wote mlimzika, mama. Mimi naanza leo, na sina mwenzangu."

Bi Zuwaina alikaza ushungi wake. Ile halua aliichagua mwenyewe, kwa ajili ya jina la nyumba. Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mbele yake kama mtoto asiyejua aanzie wapi kulia. Akaenda mpaka nyuma ya mlango wa baraza, akaita kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha shule nzima:

"Harith! Rudisheni halua ndani. Ibaki kahawa. Mfiwa amefika."

Harith aliweka kikombe chini, akainuka wa kwanza. Muhanna alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, kando ya mlango.

"Mungu akuzidishie malipo, amrehemu mzee wako."

"Mungu akutakabalie dua."

Wakapita mmoja mmoja. Wengine maneno yaliwatoka upesi, kama jambo la zamani. Wengine bado walikuwa na utamu wa halua midomoni. Khalaf wa mbuzi alimshika mkono tu, akaushika mno. Wala hakuna aliyeitia ila nyumba ile, siku hiyo wala baadaye.

Wa mwisho alipokwisha kupita, Harith alimgusa bega.

"Kaa sasa, mwanangu. Tumekwisha sote."

Muhanna hakukaa. Alibaki ameelekea mlangoni, mkono umenyooka kidogo, kama bado yupo mmoja wa kuingia.