Mpigaji wa Kriketi Aliyeitwa Gogo

Siku niliporipoti kazini Kibondo, katikati ya miaka ya sabini, mkuu wangu, Afisa Utamaduni wa Wilaya, alinikabidhi pampu ya mipira akasema, "Hapa utajaza upepo na kusikiliza wazee. Hiyo ya pili ndiyo ngumu." Ninyi vijana mnamwona mchezaji kwenye luninga. Sisi tuliwapima wachezaji wa zamani kwa masikio.

Ugumu wenyewe niliuona nilipohamishiwa Kasulu. Iliandaliwa sherehe ya michezo, nami nikapewa kazi ya kuwatambulisha wanamichezo wa zamani jukwaani. Mmoja alikuwa Mzee Karim, muuza vitambaa, aliyecheza kriketi Tabora ujanani. Katika mchezo huo mpigaji hushika gongo akilinda vijiti vitatu visiangushwe na mpira wa mrushaji. Akiupiga mbali, hukimbia kujipatia alama. Mjini walimwita Gogo. Walidai aliwahi kusimama mchana kutwa bila kupiga, timu yake ikashindwa. Wapwa zake nao waliapa kwamba Tanganyika nzima hakukuwa na mpigaji kama yeye.

Mkuu wangu wa Kasulu, mtu asiyependa maneno mengi, alitaka nimwache. "Utasema nini juu yake? Kwamba alisimama?"

Nilimfuata Mzee Karim dukani. Alikuwa anakata kitenge.

"Mwanangu, usinipandishe jukwaani," alisema bila kuinua macho. "Mara ya mwisho walinicheka, na mke wangu alikuwepo."

"Lakini ulikuwa hodari, Mzee?"

"Mimi nitajisifu. Kamuulize Bukuru wa Mabamba. Yeye alikuwa akinirushia."

Mzee Bukuru alikuwa mkulima. Ujanani alifanya kibarua kwenye uwanja wa kriketi wa Tabora, na jioni aliwarushia wachezaji mipira ya mazoezi. Nilipanda lori la mazao hadi Kibondo, kisha nikashika njia ya mpakani hadi Mabamba. Nilimkuta anaanika maharage.

"Mwakeye, Mzee," nilimsalimu kwa Kiha, nikamweleza kilichonileta.

"Uwanja ule niliutunza mimi," alisema. "Udongo ulipasuka, tukawa tunatandika mkeka wa katani juu yake. Mpira ukiangukia ufa, unakurukia usoni. Wenzake walipiga kwa pupa, wakatolewa. Karim aliuacha umgonge mbavu, akabaki."

"Kwa hiyo wanamsingizia?"

Aliendelea kuchambua maharage. "Hapana. Siku ile waliyoshindwa tulikuwa tumeziba nyufa na kutandika mkeka mpya. Mpira ulikuja vizuri kabisa. Angeweza kupiga. Lakini alishazoea kuuogopa ufa, akauogopa hata usipokuwepo."

Niliporudi, mkuu wangu aliuliza, "Sasa ni hodari au si hodari?"

"Ni yote mawili, Mzee."

"Watu hawapigii makofi yote mawili."

"Basi wasipige."

Alinitazama, akaniruhusu. Sikutaka Mzee Karim ayasikie mara ya kwanza hadharani, kwa hiyo nilimweleza yote dukani. Aliweka mkasi chini.

"Hata la mkeka mpya amelisema?"

"Amelisema."

"Basi ananikumbuka kweli," alisema. "Nitakuja."

Alikuja na mkewe. Nilieleza ule ufa, zile mbavu, na siku aliyoweza kupiga asipige. Hakuna aliyecheka. Makofi yalikuwa machache, ya watu waliokuwa bado wanafikiri. Mama yule alinishika mkono tuliposhuka. "Hizo mbavu nilizikanda mimi kwa maji ya moto," alisema. "Sikujua kama kuna mwingine anayezijua."

Baada ya hapo nilizunguka vituo vingi, nikapima sifa za wanasoka, wakimbiaji na wapiga ngoma, na kila mara nilimtafuta kwanza aliyesimama mbele yao, kama Bukuru. Sasa nimestaafu, nalima Kagerankanda. Siku ya kuniaga walinisifu mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyetaja jambo nililoshindwa. Niliwashukuru kwa moyo. Lakini nilikaa pale nikitamani japo mmoja alitaje jambo hilo, nijue kwamba aliyekuwa akizungumzwa ni mimi.