Liulize Likiwa Limechoka

Usiku ule nililala na ufunguo wa gari chini ya mto, kama mtu anayeogopa kuibiwa kitu ambacho asubuhi anakitoa mwenyewe. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanakuja kulichukua gari la marehemu mume wangu, Baba Tumaini, na nilikuwa nimeshawapa neno langu. Gari lile lilinichosha. Leo linawaka, kesho linakataa, na likikataa hukataa mbele za watu: sokoni, kanisani, mara moja hata msibani, nikiwa nimepakia masufuria ya kuazima. Fundi Sanga alibadilisha betri, akabadilisha stata, akabadilisha plagi. Lakini kila likivutwa hadi gereji kwake linawaka mara moja, naye ananitazama kwa huruma. "Mama, gari lako halina neno." Basi nikaacha kutoka. Tangu masika sijafika kwa dada yangu Mafinga, na nyumba imenizidi ukubwa.

Usingizi uliponichukua, nikajiona niko jikoni napuliza mkaa. Mlango wa nyuma ukafunguka, na pale penye banda la kuku palikuwa na barabara ya Mafinga, jua la saa nane mchana juu ya misonobari. Gari lipo pembeni. Baba Tumaini amekaa kiti cha abiria, amevaa koti lake la buluu, lile nililompa mdogo wake siku ya arobaini tulipogawa nguo. Nikaona haya. Ningejua atalihitaji nisingelitoa. Lakini hakuuliza habari ya koti.

Naingia kiti cha dereva, kiti ambacho akiwa hai hakumwachia mtu. Nazungusha ufunguo. Tak, kisha kimya. Nageuka nimlalamikie, na tumeshafika gereji kwa Fundi Sanga, mafundi wamelizunguka gari kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Linawaka. Wanacheka, wanarudi kwenye chai yao. Baba Tumaini hacheki.

"Mama Tumaini," anasema, "mnaliuliza likiwa limeshapumzika. Litawajibu sijambo."

Hasira zikanipanda. Sikuwa nimemwona mwaka mzima, na anakuja kunifundisha gari!

"Mbona wewe ulinijibu hivyohivyo?" nikamwambia. "Kila asubuhi nakuuliza, nawe sijambo, sijambo, mpaka siku ulipoanguka."

Mafundi hawapo tena, gereji haipo, tuko barabarani na upepo unapita kwenye misonobari.

"Nilikudanganya," akasema. "Nawe sasa unamdanganya dada yako."

Kila Jumamosi dada hunipigia simu, na kila Jumamosi namwambia mimi mzima, nina kazi nyingi tu.

"Washa taa," anasema. Nawasha. "Sasa zungusha ufunguo." Nikizungusha, taa zinazimika zote. Anashuka, anafungua boneti, anaufuata kwa kidole ule waya mnene unaotoka kwenye betri hadi pale ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi. Kidole kinarudi na kutu. Anakifuta kwenye koti, na mimi nataka kuushika mkono ule kabla haujaingia mfukoni. Nauvuta mlango. Haufunguki. Navuta tena, namwita kwa jina lake ambalo sikuwahi kulitaja mbele za watu.

Nikaamka nimeshika ubao wa kitanda. Jogoo wa jirani alikuwa akiwika, na mto umelowa.

Nilijifunga kitenge nikatoka. Gari likawaka mara moja. Linanijibu sijambo, nikasema moyoni, nami leo sikubali. Nikaliendesha hadi njia panda na kurudi, nikaenda tena, mpaka likapata moto vizuri. Nikazima, nikazungusha ufunguo. Tak. Sijawahi kufurahi hivyo kwa gari kukataa. Nikawasha taa, nikazungusha, zikazimika. Nikafungua boneti nikaufuata waya. Bolti ililegea kwenye vidole vyangu, na chini yake kutu tupu. Nikaikwangua kwa kisu, nikaikaza bolti, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka na moto wake uleule.

Wale wa vyuma chakavu walipofika niliwaomba radhi, nikawaambia neno langu nimelirudisha. Walinung'unika, na walikuwa na haki.

Haikuwa Jumamosi, lakini nilimpigia dada.

"Hujambo, mdogo wangu?" akauliza.

Sijambo ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaimeza.

"Hapana, dada," nikasema. "Nalia kila jioni, na sina wa kumwambia."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Nabandika maharage sasa hivi," akasema. "Njoo. Yakiiva hujafika, nakufuata mwenyewe."